Hayo Si Maudhi Madogo Madogo: Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi wa Kliniki ya Watoto

Kwa Mkurugenzi,
Kliniki ya Afya ya Akili ya Watoto.

YAH: KUTOFUATILIWA KWA MADHARA YA DAWA ZA KUCHANGAMSHA UBONGO KWA WATOTO WENYE ADHD

Ndugu Mkurugenzi,

Tafadhali rejea kichwa cha barua hapo juu.

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume mwenye umri wa miaka tisa na nusu, ambaye kwa miaka miwili na miezi miwili sasa amekuwa akitibiwa katika kliniki unayoiongoza kwa tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, ambalo wengi wetu tunalijua kwa herufi zake, ADHD. Miezi saba iliyopita nilikuandikia barua juu ya madhara ya dawa anayotumia, sikujibiwa. Miezi minne iliyopita niliandika tena, nikajibiwa kwa sentensi moja: kwamba niliyoyaeleza ni maudhi madogo madogo yanayofahamika, na kwamba niendelee na dawa kama nilivyoelekezwa. Niliomba kuonana nawe, nikapangiwa siku mara mbili, na mara zote mbili nikaelezwa mlangoni kuwa umepata dharura. Sikatai kwamba dharura hutokea. Lakini mtoto hasubiri ratiba ya mtu katika kukua kwake, na ndiyo sababu barua hii ya tatu ninaiandika hadharani, kwa heshima ileile niliyoiandikia zile mbili za kwanza.

Kabla ya malalamiko, naomba niseme jambo moja ili nisieleweke vibaya. Siandiki kuipinga dawa. Mwanangu anatumia methilifenideti, mojawapo ya dawa hizo za kuchangamsha ubongo, na wiki ya kwanza alipoianza niliketi naye mezani nikamwona akisoma ukurasa mzima kutoka juu hadi chini bila kuinuka, jambo ambalo hakuwahi kuliweza, na alipomaliza alinitazama kwa mshangao kama mtu aliyevuka mto asiojua kwamba unavukika. Siku ile nililia. Ninawajua wanaosema kwamba watoto hawa ni watundu tu, na kwamba kinachokosekana ni fimbo au malezi. Nimeyasikia hayo miaka mingi, tena kutoka kwa watu wa karibu, na sitaki barua hii iwe kuni za kuwashia moto wao. Dawa hii huongeza dopamini na noradrenalini, kemikali zinazopeleka ujumbe kati ya seli za ubongo, kwa kuzuia zisirudishwe haraka ndani ya seli, na kwa watoto wengi wenye tatizo hili inafanya kazi. Kwa mwanangu inafanya kazi. Malalamiko yangu ni kwamba kliniki hupima kile ambacho dawa inaleta, na haipimi kile ambacho inachukua.

Tena hili si jambo geni katika utabibu. Mwaka 1937 daktari wa Marekani, Charles Bradley, alieleza jinsi watoto aliowapa amfetamini walivyobadilika darasani, na methilifenideti yenyewe ilitengenezwa mwaka 1944. Dawa za kundi hili zimejulikana kwa zaidi ya miaka 80. Kupungua kwa hamu ya kula, kukosa usingizi, maumivu ya kichwa na ya tumbo, kupanda kwa mapigo ya moyo, hasira za ghafla: yote haya yamo kwenye karatasi iliyokunjwa ndani ya pakiti. Kinachofahamika ndicho kinachopaswa kutafutwa mapema, na neno hilo halifai kugeuzwa kuwa sababu ya kutokutafuta.

Yafuatayo ndiyo ninayoyalalamikia.

1. Uzito na urefu wa mtoto havifuatiliwi.

Mwanangu anakunywa dawa saa moja asubuhi. Inapofika saa sita mchana, wakati wenzake wanakula, yeye hana njaa hata kidogo, na chakula ninachomfungia hurudi nyumbani kama kilivyotoka. Mwanzoni nilimgombeza, nikidhani anachagua chakula. Nilimgombeza kwa miezi kadhaa kwa kosa ambalo halikuwa lake, kwa sababu hakuna mtu kliniki aliyeniambia kwamba dawa hufunga njaa ya mchana na kwamba njaa hiyo hurudi usiku, wakati nyumba imeshatulia na vyombo vimeshaoshwa. Leo ninajua kwamba dawa inywewe pamoja na chakula au baada yake ili kifungua kinywa kisipotee, na kwamba mlo wa pili mzito unaweza kuhamishiwa usiku njaa inaporudi. Ni maneno mawili tu. Yangeweza kusemwa siku ya kwanza.

Siku alipoanza dawa alikuwa na uzito wa kilo 24. Alipimwa tena baada ya miezi 14, kwa kuwa mimi ndiye niliyeomba, akakutwa na kilo 23.4. Katika umri ambao kila mtoto anapaswa kuongezeka, miezi 14 ilipita akapungua, na hakuna aliyejua. Urefu wake haujawahi kupimwa na kliniki tangu siku ile ya kwanza. Nimekuwa nikimpima mwenyewe kwa kalamu ya risasi kwenye fremu ya mlango, na ninaweza kukuonyesha mahali ambapo mistari miwili, yenye miezi mitano katikati yake, karibu inagusana.

Katika utafiti mkubwa wa Marekani uliohusisha watoto 579 wa miaka saba hadi tisa, ilionekana kwamba walioanza dawa na kuendelea nazo walikuwa, baada ya miaka mitatu, wamepungukiwa na takriban sentimita 2 za urefu na kilo 2.7 za uzito wakilinganishwa na wenzao wasiotumia dawa. Sisemi kwamba sentimita 2 ni msiba. Mzazi aliyeelezwa vizuri anaweza kuzikubali sentimita hizo ili mtoto wake ajue kusoma, na pengine mimi ningekuwa wa kwanza kuzikubali. Lakini hayo ni makadirio ya watoto wengi kwa pamoja, na mtoto mmoja anaweza kupungukiwa na zaidi ya hapo. Njia pekee ya kujua ni kumsimamisha kwenye mizani. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unataka mtoto wa miaka kumi au chini ya hapo apimwe uzito kila baada ya miezi mitatu na urefu kila baada ya miezi sita, na vipimo hivyo vichorwe kwenye chati ya ukuaji. Kazi hiyo inahitaji mizani, rula ya ukutani na dakika tatu za muuguzi. Mizani ninaiona pale kwenye korido kila ninapokuja.

2. Jioni na usiku wa mtoto havina anayeviuliza.

Methilifenideti ya muda mfupi hufanya kazi kwa saa tatu hadi nne, na ile ya muda mrefu huweza kufika saa nane hadi kumi na mbili. Ninayapata haya kwa kuyaishi. Mwanangu anapofika nyumbani dawa inakuwa inakwisha mwilini, na kwa muda wa saa moja hivi anakuwa mtoto mwingine: analia kwa sababu kiatu hakivuliki, anamsukuma mdogo wake, anajifungia, kisha anakuja kuniomba radhi akiwa hajui yeye mwenyewe kilichompata. Mwalimu hajawahi kuiona saa hiyo. Daktari hajawahi kuiona. Ni yetu sisi nyumbani, na ni saa ngumu kuliko zote katika siku.

Nilipoieleza kliniki, mtoto aliongezewa dozi ya alasiri. Dozi hiyo kweli ilituliza jioni, lakini ikauondoa usingizi. Akawa anakesha hadi saa sita usiku, macho makavu, akihesabu mbao za dari. Niliporudi kueleza kwamba halali, nilipewa wazo la kumwongezea dawa ya usingizi. Hapo ndipo nilipokataa, na nadhani nilikuwa na haki ya kukataa kumpa mtoto wa miaka minane dawa ya pili ya kufuta kazi ya dawa ya kwanza kabla ya yeyote kuuliza anakunywa ile ya kwanza saa ngapi. Aliyeuliza swali hilo alikuwa mfamasia aliyenihudumia dirishani. Alinishauri nirudi kwa daktari nikaombe dozi ile isogezwe mapema au ipunguzwe. Iliposogezwa kwa saa moja na nusu, mtoto alianza kulala saa tatu na nusu usiku. Tulikuwa tumepoteza miezi mitatu ya usingizi.

3. Ukimya wa mtoto unahesabiwa kuwa ni kupona.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, na naomba ulisome taratibu.

Fomu inayotumiwa na kliniki kuamua kama dawa inafaa hujazwa na mwalimu. Inauliza kama mtoto anakaa kitini, kama anamaliza kazi, kama anawasumbua wenzake. Mwanangu alipata alama nzuri mara tatu mfululizo, na katikati ya mara hizo dozi yake iliongezwa mara mbili. Wakati mwalimu akimsifu kwa utulivu, mimi nyumbani nilikuwa ninamwona mtoto aliyeacha kuimba. Alikuwa na tabia ya kuimba bila kujijua, akioga, akifunga kamba za viatu, akichora. Kelele ambayo zamani ilinichosha na ambayo siku hizo niliitega sikio bila kuisikia. Hakucheka. Ukimpa habari njema aliipokea kama anavyopokea habari ya hali ya hewa. Usiku mmoja nilimuuliza kama anaumwa, akaniambia: "Siumwi, Mama. Nikinywa dawa sipendi kitu chochote, ila hesabu ninamaliza."

Nililiandika jibu hilo kwenye karatasi na kulileta kliniki. Daktari alilisoma, akasema kwamba la muhimu ni kwamba hesabu anamaliza.

Wataalamu wa dawa hizi wanajua kwamba mtoto anayefifia namna hiyo anaweza kuwa anapewa dozi iliyozidi mahitaji yake. Utaratibu wa kawaida ni kuanza na dozi ndogo na kuipandisha pole pole hadi pale ambapo faida ni kubwa na madhara yanavumilika, na ikivuka hapo, kuirudisha. Kwa mwanangu dozi ilijua kupanda tu. Ilishuka baada ya mimi kusimama ofisini na kukataa kuondoka, na iliposhuka hatua moja, umakini wake haukupotea, na wiki ya pili nilimsikia akiimba bafuni. Ni lazima niulize: wangapi kati ya watoto wanaohudhuria kliniki hii wanasifiwa kwa utulivu ambao kwa kweli ni dozi iliyopita kiasi? Hamuwezi kujua, kwa sababu fomu haina hata mstari mmoja wa kumuuliza mtoto anajisikiaje.

4. Moyo.

Hapa nitakuwa mfupi. Vichangamshi, yaani dawa hizi za kuchangamsha ubongo, hupandisha mapigo ya moyo na shinikizo la damu. Kwa wengi ni kidogo, kwa wachache ni zaidi. Mwongozo nilioutaja unataka vipimo hivyo vichukuliwe kabla na baada ya kila mabadiliko ya dozi, kisha kila miezi sita. Mwanangu amebadilishiwa dozi mara nne. Amevalishwa mkanda wa kupima shinikizo mara moja. Wala hakuna aliyewahi kuniuliza kama katika ukoo wetu yupo aliyefariki ghafla kwa moyo akiwa kijana, swali ambalo linapaswa kuulizwa kabla ya kidonge cha kwanza.

5. Tunapokea dawa bila maelezo, na tunahesabiwa kama washukiwa.

Ninaelewa kwa nini dawa hizi zinadhibitiwa. Methilifenideti na amfetamini zimo katika Jedwali la II la Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, na zinaweza kutumiwa vibaya na watu wasiozihitaji. Sipingi kuhesabiwa vidonge, sipingi kusaini daftari, sipingi kuja mwenyewe kila mwezi. Ninachosema ni kwamba kila mwezi mtoto na mzazi wake wako mbele yenu, na muda wote huo huishia kwenye muhuri. Kama mnaweza kuhesabu vidonge kila mwezi, mnaweza kumpima mtoto kila miezi mitatu.

Kwenye foleni yenu wazazi hufundishana, kwa kuwa hakuna mwingine wa kuwafundisha, na si kila wanachofundishana ni sahihi. Nimemsikia mzazi akieleza kwamba humsagia mtoto wake kidonge cha muda mrefu na kukichanganya na uji, kwa sababu mtoto hawezi kumeza. Hakujua kwamba kidonge cha namna hiyo kikisagwa huachilia kwa mkupuo dawa iliyopangwa kutoka kidogo kidogo siku nzima. Mama yule hakuwa mzembe. Alikuwa anajitahidi.

Na mimi pia nimekosea, nalisema wazi. Katika likizo moja, nikiwa nimechoka kumwona akishindwa kula, nilimwachisha dawa kwa siku tisa bila kumwambia mtu yeyote. Alikula vizuri. Siku ya saba alikimbilia barabarani akifuata mpira, na dereva mmoja mwenye macho ya haraka ndiye aliyeniachia mwana. Baadaye nilikuja kujua kwamba mapumziko ya dawa wakati wa likizo ni jambo linaloweza kupangwa na daktari, ili kumpa nafasi mtoto ambaye ukuaji wake umezorota. Ningeliomba kama ningelijua kwamba lipo. Mzazi asiyesikilizwa haachi kuwa na wasiwasi. Huanza kutibu peke yake.

Ninafahamu majibu ambayo huenda yakatolewa.

Itasemwa kwamba wagonjwa ni wengi na watumishi ni wachache. Ni kweli, na ninawaona wauguzi wenu wanavyochoka. Lakini sijaomba mtumishi mpya wala chombo kipya, na kazi ninayoitaja inaweza kufanyika pale pale kwenye foleni tunakosubiri kwa saa mbili.

Itasemwa kwamba faida za dawa ni kubwa kuliko madhara yake. Kwa watoto wengi nakubali, na nimeshasema hivyo. Ila kauli hiyo ni matokeo ya mizani yenye pande mbili, na upande mmoja hamjawahi kuuwekea kitu. Kwa mtoto huyu, mwenye jina lake na faili lake, nani amepima?

Itasemwa kwamba wazazi wakielezwa madhara wataogopa na kuacha dawa. Ninaona kinyume chake kila mwezi. Wanaoacha ni wale walioshtukizwa: mtoto amekonda, hakuna aliyewaonya, wakahisi wamedanganywa. Mzazi aliyeambiwa mapema kwamba njaa ya mchana itapungua, na afanye hivi na vile, hubaki na dawa na hubaki na imani kwa daktari.

Itasemwa pia kwamba mzazi akiwa na tatizo aseme. Nimesema kwa barua mbili, kwa karatasi yenye maneno ya mtoto, na kwa miguu yangu hadi mlangoni kwako.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, ninaomba mambo haya:

(a) Kila mtoto anayetumia vichangamshi apimwe uzito kila baada ya miezi mitatu na urefu kila baada ya miezi sita, na mzazi aonyeshwe chati; mapigo ya moyo na shinikizo la damu vipimwe kila miezi sita na kila dozi inapobadilishwa.

(b) Mzazi apewe siku ya kwanza ukurasa mmoja ulioandikwa kwa lugha nyepesi, unaoeleza chakula, usingizi, saa ya kunywa dawa, vidonge visivyosagwa, na dalili za kumrudisha mtoto haraka, kama vile maumivu ya kifua, kuzimia, kusikia au kuona visivyokuwepo, au mawazo ya kujidhuru.

(c) Dozi isipandishwe kwa ripoti ya mwalimu peke yake. Mzazi aulizwe, na mtoto aulizwe, na jibu lake liandikwe kwenye faili kwa maneno yake mwenyewe.

(d) Angalau mara moja kwa mwaka daktari akae na familia kuangalia kama dawa bado inahitajika na kwa kiasi gani, na kama haimfai mtoto, azungumzie dawa nyingine ya kundi hilohilo au zisizo vichangamshi, kama atomoksetini. Sikuwahi kusikia kwamba zipo hadi niliposoma mwenyewe.

(e) Nijibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Nitaliweka jibu lenu mahali hapa hapa nilipoiweka barua hii, neno kwa neno, liwe la kukubali au la kukataa.

Tarehe yetu ya kliniki ni wiki tatu kutoka leo, na tutafika kama kawaida, kwa sababu mwanangu ana mtihani muhula huu na anaihitaji dawa yake. Nitakuja na daftari lenye vipimo vyote nilivyovichukua mwenyewe tangu mwaka jana, uzito kwa mizani ya nyumbani na urefu kutoka kwenye fremu ya mlango. Limebakiwa na kurasa nyingi nyeupe. Ninaomba ukurasa unaofuata uandikwe na muuguzi wenu.

Natanguliza shukrani.

Wako kwa heshima,

Mama wa mgonjwa wenu